Jiko la Mzazi

Mimi moto naujua. Wapo waliojaliwa kushona, wapo waliojaliwa maneno ya kuuzia vitenge hata kwa mtu asiye na haja navyo. Mimi nimejaliwa moto, na sioni sababu ya kuinamisha kichwa nikilisema hilo. Nyumba yetu iko Kariakoo, ni ile ya zamani yenye korido katikati, vyumba sita na uani nyuma. Sasa imebanwa na maghorofa pande tatu, jua linatufikia saa sita na ikifika saa nane limeshaondoka. Gesi ninayo, na chai ya asubuhi naipikia gesi kama watu wengine wote. Lakini maharage, makongoro, maji ya kuoga nyumba nzima? Weee! Hapo nawasha kuni. Kuna jirani wa ghorofani aliwahi kufungua dirisha kunilalamikia moshi, nikamwambia ashuke auone huo moshi wenyewe. Alishuka kweli. Akakuta sufuria inatokota na bomba la moshi halitoi kitu. Akaniomba radhi, akaomba na bakuli la maharage.

Siri yake wala si siri. Moshi ni kuni ambayo haijaungua. Ukiuona unapanda, jua kuni yako unaitupa hewani na macho mekundu unayapata juu yake. Kuni nazichukua kwa maseremala kule mtaa wa Gerezani, vipande vya mninga na mkongo wanavyovitupa. Kipande chenye rangi au kinachonuka dawa ya mchwa sikigusi hata nikibembelezwa, maana sumu ukiichoma inabaki sumu. Nazipasua nyembamba, unene wa mpini wa mwiko, nazipanga juu ya uchaga zikauke mpaka ukizigonganisha zinalia ko! ko! Kuwasha naanza na kifuu cha nazi, si mafuta ya taa, na anayetaka kuwasha kwa mafuta ya taa mbele yangu namnyang'anya kiberiti. Kisha naweka kuni tatu. Tatu, basi! Watu wanashindilia kuni kumi mdomoni mwa jiko halafu wanapuliza mpaka mishipa ya shingo inawatoka, kumbe moto wenyewe hawajauachia pa kuvutia pumzi.

Jiko nililijenga ukutani mwa uani kwa tofali za kuchoma na udongo wa kichuguu, na bomba la moshi nikaliagiza kwa fundi wa mabati huko huko Gerezani. Fundi yule tunaheshimiana kwa kugombana. Mara ya kwanza alinitengenezea bomba fupi.

"Hili halifiki juu ya paa," nikamwambia.

"Linafika, mama. Limepungua kidogo tu."

"Limepungua kidogo, moshi utarudi kidogo, nami nitakohoa kidogo. Ongeza."

"Wewe mama ungekuwa mkaguzi wa barabara, nchi hii ingenyooka."

Akaongeza. Kila mwezi napanda ngazi kulichokoa masizi kwa brashi ya waya, maana masizi yakijaa hushika moto ndani kwa ndani. Jivu nalitia kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, mbali na mlango, na silimwagi mpaka zipite siku mbili, kwa sababu jivu lina unafiki: juu limepoa, chini kuna kaa zima. Ndoo ya mchanga ipo pembeni siku zote. Miaka yote niliyopika uani sijaunguza hata upindo wa khanga. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba aliyefanya lile kosa hakuwa mgeni wa moto.

Binti yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza alikuja kulelewa kwangu. Ndiyo desturi yetu: uzazi wa kwanza mwanamke anarudi kwa mama yake, anakaa siku arobaini, hapiki, hafui, hatoki. Anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na chumbani anawekewa jiko la mkaa apate joto la mgongo. Kwetu wanasema mzazi akipigwa na baridi, baridi hiyo inamkaa mifupani mpaka uzeeni. Mimi niliwekewa jiko katika chumba kile kile cha mbele. Mama yangu naye aliwekewa humo humo.

Sasa mkwe wangu, Mungu ampe kheri, ana adabu mpaka inazidi. Mwezi mmoja kabla ya uzazi alisema mkewe hawezi kukaa siku zote hizo kwenye vumbi na kelele za Kariakoo, akaleta mafundi chumbani humo. Wakapiga dari la jipsamu. Wakang'oa madirisha ya mbao yaliyokuwa yamelegea, wakaweka ya alumini ya kusukuma. Wakabadilisha mlango, wakaupiga mpira chini ili vumbi na mende visipite. Ukifunga, kelele za wauza viatu wa nje huzisikii tena. Nilifurahi mpaka nikawaambia jipsamu iliyobaki wamalizie chumba cha mpangaji wangu, mwanamke wa Newala anayeuza vitambaa sokoni, ambaye naye alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Nikasema na yeye apate raha.

Masika yalikuwa yameanza. Kuhusu mkaa nina sheria moja, aliyonifundisha mama yangu: mkaa mweusi hauingii ndani ya nyumba. Unauwasha uani, unaupepea mpaka makaa yote yawe mekundu na yaanze kuvaa jivu jeupe, moshi ukate, harufu ikate, ndipo unalibeba jiko. Sheria hiyo niliishika kama swala. Asubuhi na alasiri naingiza jiko, nafunga madirisha joto lisitoroke, namwambia binti yangu ageuze mgongo, natoka na kufunga mlango. Wanawake wa mtaani wakija kumwona mzazi wanasema, "Mashallah, huyu ndiye anayejua kulea." Nami nikawa naitika Alhamdulillahi kwa sauti ya mtu anayekubaliana nao kabisa.

Siku ya kumi na moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, haikati, maji uani yakafika vifundoni. Baridi ya Dar haiwezi kumtisha mtu wa Mbeya, lakini kwa mzazi nikaona leo ni hatari. Basi jiko nikalijaza mkaa kuliko siku zote, nikaupepea mpaka ukaiva vizuri, nikaliingiza mara baada ya chakula cha mchana. Nikafunga kila kitu. Nikaenda uani kuchemsha maji ya kumkanda, na kwa sababu kuni zilikuwa zimepata unyevu, maji yalichelewa kuliko kawaida.

Nilirudi na beseni. "Amka, maji tayari."

Kimya.

"We! Usingizi gani huo wa mchana? Amka, maji yanapoa."

Nikamtikisa bega, kichwa kikaangukia upande. Macho yakafunguka nusu, yakanitazama bila kunijua. Mjukuu wangu alikuwa kifuani pake, amelegea kama kitambaa kilicholowa. Nikamfinya kisigino. Hakulia. Nikamfinya tena, kwa nguvu, Mungu anisamehe, na bado hakulia.

Sikufikiri kitu. Nilimnyakua mtoto nikakimbia naye korido yote mpaka uani, nikimwita mpangaji wangu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikamkabidhi mtoto pale chini ya upenu, nikarudi mbio. Binti yangu ana mwili kunizidi. Nilimshika makwapani nikamburuta juu ya vigae vya korido, khanga zinamvuka njiani, na mimi mwenyewe kichwa kinanigonga. Tulipofika penye hewa upepo wa mvua ukampiga usoni, akakoroma, akatapika. Halafu mikononi mwa mpangaji nikasikia mlio kama wa paka mdogo, na baada yake kilio chenyewe. Yarabi! Sijapata kusikia kitu kitamu kama kilio kile. Nilikaa chini kwenye maji, nikalia na mimi.

Mpangaji akatoka na tumbo lake kwenye mvua, akaita bajaji, tukaenda hospitali. Waliwapokea haraka, wakawekewa hewa ya mtungi, mama na mtoto. Nikabaki nje nimelowa, nazungusha tasbihi bila kuhesabu. Baadaye nesi mmoja akanifuata kwenye benchi. Binti mdogo, wa juzi tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Wanaendelea vizuri. Mtoto ameshanyonya. Bibi, kule chumbani kulikuwa na jiko la mkaa?"

Nikamwambia lilikuwepo, lakini asiwe na wasiwasi, moto wangu msafi, hauna hata chembe ya moshi.

"Huo ndio unaoua, bibi. Ungekuwa na moshi wangekohoa, wangetoka. Ile hewa ya mkaa haina harufu wala haionekani. Inajaa chumbani taratibu, mtu anadhani ni usingizi tu unamjia."

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nimewekewa jiko, mama yangu kawekewa jiko, bibi yangu kawekewa jiko. Mbona hatukufa?"

Hakukasirika. Akaniuliza, "Hicho chumba wakati huo kilikuwa na dari?"

Hakikuwa nalo. Kuta za nyumba ile zilikomea chini ya paa, juu wazi, hata aliyelala chumba cha kwanza alijua nani anakoroma chumba cha tatu. Madirisha yalikuwa na nyufa za kupitisha kidole, na chini ya mlango paka alipita. Joto la jiko la mama yangu lilikuwa linaondoka na sumu yake, na sisi tukadhani ni ufundi wetu. Mkwe wangu akaleta mafundi wakaziba kila tundu kwa mapenzi, nami nikaingiza moto humo kwa mapenzi.

Kesho yake waliruhusiwa. Ningependa kusema kwamba nilifika nyumbani nikasema kweli. Sikusema. Mkwe wangu alikuwa safarini Tunduma kufuata mzigo. Akapiga simu, nikamwambia mkewe damu ilipungua kidogo, sasa hajambo. Wanawake wa mtaani wakajaa chumbani, na kila mmoja alikuja na sababu yake. Mmoja akasema ni kijicho, mtoto mzuri mno na watu wameingia wengi. Mwingine akasema chumba kipya hakikusomewa dua, ndiyo maana. Wakasoma dua hapo hapo na mimi nikaitikia Amin pamoja nao, huku najua jini mwenyewe nimekaa hapa nimejitanda khanga. Niliona aibu, nalisema kama lilivyo. Mtaa mzima unanijua kwa moto. Nikawa naona bora watu walaumu kijicho. Jiko nikalitoa kimya kimya, nikamwambia binti yangu kwamba joto limerudi, halihitajiki tena. Akasema, "Sawa, mama." Hakuuliza kitu.

Ningeendelea hivyo mpaka kaburini, kama si mpangaji wangu. Siku ya tatu tangu turudi alikuja kukaa na mzazi, amechoka, anajishika kiuno, na wanawake wanne wa mtaani wako pale wanakunywa chai. Akasema, "Bi mkubwa, nina ombi. Mama yangu yuko Newala, miguu haimbebi, hawezi kuja. Nikijifungua utanilea wewe. Unikande kama unavyomkanda mwenzangu, na lile jiko uniwekee na mimi. Chumba changu sasa kina dari, joto litakaa."

Wanawake wakacheka, wakasema amepata mlezi. Mimi nilishika kikombe nikakitazama. Nikaona ile jipsamu iliyobaki, niliyoipigisha kwa ukarimu juu ya kichwa cha yule mwanamke. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa maradhi yalikuwa yangu na kifo kingekuwa chake.

"Jiko sitakuwekea," nikasema.

Akapigwa na butwaa. "Nimekosa nini, mama?"

"Hujakosa wewe. Nimekosa mimi. Hakuna kijicho hapa, wala jini. Ni lile jiko. Niliwafungia sumu mwanangu na mjukuu wangu kwa mikono yangu miwili, nikafunga na mlango." Nikawaeleza yote, maneno ya nesi, dari, dirisha, mpira wa mlangoni.

Wakatazamana. Kisha mwanamke mkubwa kuliko wote, ambaye alizalisha nusu ya mtaa huu enzi zake, akaweka kikombe chini. "Haya ni mambo ya kisasa. Wazee wetu wote waliweka jiko."

"Wazee wetu hawakuwa na jipsamu!" nikamwambia.

Mmoja akaguna, mwingine akacheka, na yule bibi mwenyewe akashindwa kujizuia, akacheka. "Sasa mzazi apigwe baridi?"

"Hapigwi. Atavaa soksi na sweta. Atalala na chupa ya maji ya moto iliyofungwa khanga, mgongoni, ikipoa nabadilisha. Maji nitayachemsha mimi, na moto utakaa uani unakostahili. Nikiona jiko la mkaa linavuka mlango wa chumba kilichofungwa, liwe la nani, nalimwagia maji. Kama mnaona nimezeeka, semeni, lakini jiko halipiti."

Mpangaji alinishika mkono, akasema, "Mimi nakufuata wewe, mama." Hapo nikajisikia mzima tena. Nikaona nimefanya jambo zito, nimelibeba, nimelitua. Wale wanawake waliondoka wakiahidi kulifikisha neno mpaka Buguruni, na kwa ninavyowajua, lilifika kabla ya swala inayofuata.

Mpangaji naye akaenda kupumzika, nikabaki na binti yangu. Alikuwa ananyonyesha, hakuwa amesema neno muda wote ule.

"Umenisikia," nikamwambia.

"Nimekusikia, mama."

"Wala hushangai?"

Akamhamishia mtoto upande wa pili, taratibu. "Nilikuwa najua."

"Unajua nini?"

"Jiko. Tangu siku ya tatu ya kulelewa. Likiingia kichwa kinaanza kunigonga, nikienda bafuni kinaacha, nikirudi kinaanza. Nikajua ni jiko."

Hasira zikanipanda kabla sijazikamata. "Na ukanyamaza? Mdomo huna? Mtoto mchanga yumo humu ndani, wewe umenyamaza!"

"Ningekwambiaje?" Hakupandisha sauti. "Wewe, nikukosoe moto? Ungesema najidekeza, ungeniuliza kama ni mimi wa kwanza kuzaa duniani. Nikaona siku arobaini si nyingi, nitavumilia. Ukishatoka, ulipokuwa uani, nilikuwa nainuka nafungua mlango kidogo, nikisikia hatua zako naufunga. Siku ile usingizi ulinipitia kabla sijaufungua."

Maneno ya kumjibu nilikuwa nayo, Mungu hakuninyima maneno. Yalifika mpaka kwenye meno. Lakini nilimwona akiinuka na mshono wake wa uzazi, siku baada ya siku, anachungulia koridoni kama mwizi katika nyumba ya mama yake, aibe hewa ya kumpa mwanawe. Alijua kinachomuua, na bado aliyemwogopa ni mimi.

Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye.

"Na lipi lingine hujaniambia?"

Alinitazama kwanza, muda mrefu, apate hakika kwamba nauliza kweli. Halafu akaanza. Maji ya kukandwa yalikuwa yanamuunguza. Uji ulikuwa na pilipili mpaka machozi yalimtoka, akawa ananiambia ni mafua. Kitambaa cha tumbo nilikuwa namfunga mpaka hapati pumzi. Akaenda nyuma zaidi, mambo ya kabla hajaolewa, ya shule, ya utotoni, mengine nilikuwa nimeyasahau na mengine sikuwahi kuyajua. Adhana ya magharibi ililia ikaisha, bado anasema. Sikumkatiza hata mara moja.